Kakakuona wa Chumba cha Salfa

Basil Chilumba wa Mnyambe alikuwa mtu wa kuchelewa kila utajiri uliopita kwao. Ufuta ulipopanda bei, shambani kwake kulikuwa na karanga. Alipong'oa karanga akapanda ufuta, wanunuzi wakaanza kuulizia mbaazi. Wageni wa mawe ya rangi walipokuja kuajiri vijana wa kuchimba, yeye alikuwa amelala ndani na tumbo la kuendesha. Kwa hiyo asubuhi ile ya msimu wa korosho, alipomkuta kakakuona katikati ya shamba lake, aliamini kwamba bahati ilikuwa ikimtafuta miaka yote hiyo na ilikuwa imekosea nyumba tu.

Alikuwa anafagia chini ya mikorosho ili korosho zikidondoka zionekane. Akaona kitu alichodhani ni gogo lenye magamba. Akakigusa na fagio, nacho kikajikunja kikawa mviringo mgumu kama mpira wa chuma, kikatulia kikisubiri dunia iondoke.

Kwetu huku juu ya uwanda, mtu akimwona kakakuona anajua njia mbili. Njia ya sheria ni kumwacha alipo na kuwaita watu wa wanyamapori. Njia ya wazee ni kumpeleka mbele ya watu, kumwekea maji, unga na panga, kisha kusubiri. Akienda kwenye maji, mvua itakuwa nzuri. Akienda kwenye unga, watu watashiba. Akienda kwenye panga, kila mtu arudi nyumbani akafunge mlango. Basil hakutaka njia hizo zote mbili. Alivua koti lake, akamfunika mnyama, akambeba kama mtoto mwenye homa, akampigia simu Eliakimu.

Eliakimu alikuwa mtu wa Lisekese, kule Masasi. Alijulikana kama mnunuzi wa ufuta, ingawa hakuna aliyewahi kumwona akibeba hata debe moja. Alivaa viatu vyenye ncha kali, akazungumza habari za soko la nje kana kwamba lilikuwa nyuma ya nyumba yake. Alikuwa akiwaambia watu kwamba huko nje magamba ya kakakuona yanatibu mapafu, maziwa ya mama, huzuni na uzee. Ukweli ni kwamba magamba yale ni kitu kilekile na kucha za binadamu. Anayetaka dawa hiyo angeweza kuiokota bure miguuni mwa wale vijana wanaokata na kupaka rangi kucha za akina mama pale stendi ya Masasi. Lakini kitu cha bure hakijawahi kumponya tajiri.

"Usimuue," Eliakimu alimwambia Basil kwenye simu. "Mteja anamtaka mzima. Mfiche, nakuja Jumamosi. Na asijue mtu."

"Asijue mtu," Basil alirudia, akamficha mnyama katika chumba kidogo cha nyuma ambamo huweka mashine ya kupulizia mikorosho na mifuko ya salfa.

Mke wake, Josephina, alikuwa mlangoni.

"Baba Ethel, umebeba nini?"

"Maisha yetu."

Josephina akafunua koti, akatazama, akafunika tena.

"Haya si maisha yetu. Hii ni jela."

"Mama Ethel, ni siku chache tu."

"Hata shemeji yako alisema siku chache."

Shemeji huyo, mume wa Theodora, dada yake Josephina, alikubali kumhifadhia rafiki mfuko mmoja chini ya kitanda. Ndani ya mfuko mlikuwa na vipande vya meno ya tembo. Rafiki alikimbia, na yeye alifungwa miaka ambayo mtoto aliyezaliwa siku ile ataimaliza akiwa na ndevu. Theodora alikuwa mjane wa mume aliye hai. Hakuvaa nguo nyeusi, lakini alilima peke yake, alisimamia harusi za mabinti peke yake, na kila alipopata nauli alipanda basi kwenda kumtazama mtu aliyezidi kukonda. Josephina alikuwa amemlilia dada yake vya kutosha, na hakuwa tayari kuanza kujililia mwenyewe.

"Mrudishe ulikomtoa," alisema.

"Jumamosi akitoka, nitaezeka bati jipya mpaka jikoni."

"Na wewe utaezekwa wapi?"

Basil alicheka kidogo, kama mtu aliyesikia hoja asiyoiweza, akaenda kufunga mlango kwa kufuli.

Pengine siri ile ingefika Jumamosi salama kama Basil angekuwa mwizi wa kweli. Mwizi wa kweli hataki kujua mwaka utakuwaje, anataka kujua askari wako wapi. Lakini Basil alizaliwa Mnyambe. Usiku wa kwanza aliamka na wazo kwamba ana mnyama anayejua mambo yote yajayo na amemfungia na mifuko ya salfa bila kumuuliza hata swali moja. Asubuhi akamwekea bakuli la maji na sahani ya unga, akauliza kwa sauti ya chini kama atatajirika. Kakakuona akabaki amejikunja.

Sasa kujikunja maana yake nini? Swali hilo lilimtesa mpaka mchana. Mwishowe alikwenda kwa Mzee Nasibu, ambaye tangu ujana wake ndiye aliyesoma nyendo za kakakuona kila mmoja alipoonekana.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Karibu."

"Mzee, nina swali la mfano tu."

"Mifano ni mizuri."

"Kwa mfano, mtu awe na mnyama. Simtaji mnyama gani. Amwekee maji na unga, naye ajikunje tu. Hapo tunasemaje?"

Mzee Nasibu akakung'uta kanzu yake.

"Hapo tunasema mnyama huyo ameulizwa na mtu asiyejua kuuliza. Yuko chumba gani?"

"Nani?"

"Wa mfano."

Jioni hiyo Mzee Nasibu alifika na bakuli lake, kwa siri kubwa, akiwa amefuatana na mke wake, kwa sababu siri kubwa humwogopesha mtu akiwa peke yake. Mke wake alimweleza Somoe, mama yake Ashraf, na kumwonya asimwambie yeyote. Somoe alitii. Hakumwambia yeyote aliyekuwa mbali na kisima.

Kesho yake walianza kuja. Walikuja kuomba chumvi wakiwa na unga. Walikuja kuulizia afya ya mbuzi wakiwa wamefunika sahani kwa khanga. Na huku juu ambako ndoo ya maji hupandishwa kwa jasho, watu ambao wangemnyima jirani kikombe cha kunawa waliingia nyumbani kwa Basil na mabakuli yaliyojaa pomoni.

"Baba Ethel, nimepita tu," alisema Somoe. "Nina swali moja. Linamhusu Baba Ashraf na safari zake za Mtwara."

"Swali gani, mama? Hapa hakuna kitu."

"Najua hakuna kitu. Nataka kukiuliza kama kule Mtwara ana mke mwingine."

Basil angefanya nini? Akimfukuza, atatangaza. Akamfungulia mlango. Baada yake alifungulia mlango kila mtu, maana mtu anayefungiwa mlango hukumbuka sheria haraka sana.

Hata Mzee Ambrosi, mzee wa kanisa, alifika. Alisimama uani na kusema kwa sauti ya kusikika kwamba mambo haya ni giza na amekuja kuyakemea. Akaingia kuyakemea. Alikemea kwa dakika nyingi kidogo, na Josephina aliyekuwa akitwanga karibu na dirisha alisikia kemeo lenyewe likiuliza kama bei ya korosho itapanda mnada ujao.

Kila mmoja alipotoka aliapa kutunza siri, hata ile ya mnunuzi wa Jumamosi, na mnyama hakumjibu hata mmoja. Alijikunja kwa Muislamu na kwa Mkristo bila upendeleo. Lakini hakuna aliyekubali kwamba hakujibiwa. Somoe alisema amejikunja upande wa kushoto, basi mke mwenza yupo, tena mfupi. Mzee Ambrosi alisema amejikunja kama senti, basi bei itapanda. Unga wote ulibaki kwa Josephina, na wiki ile hakukanyaga mashineni kusaga.

Yeye peke yake hakuuliza kitu. Yeye alimtazama. Ijumaa, magharibi ilipoingia na watu walipopungua, alipachika jicho kwenye ufa wa mlango. Kakakuona alijikunjua polepole, akainuka kwa miguu ya nyuma, mikono ameikutanisha kifuani kama mtu anayekuja kuomba ruhusa. Akayapita maji. Akaupita unga, hata kuunusa hakuunusa. Akaenda moja kwa moja kwenye fremu ya mlango iliyoliwa na mchwa kwa miaka, fremu ambayo Basil aliahidi kuibadilisha tangu Ethel akiwa darasa la kwanza. Akakwaruza kwa kucha zake ndefu, akatoa ulimi mrefu kama kamba ya kiatu, akaanza kula. Mbavu zake zilikuwa zinapanda na kushuka haraka. Alikuwa na njaa, basi. Watu walikuwa wanamletea kila kitu isipokuwa chakula.

Josephina alisimama pale mpaka giza lilipomzuia kuona. Kisha akavunja kipande cha fremu kilichokuwa kinaning'inia, chenye mchwa ndani, akakifunga kwenye kitambaa kibichi na kukiweka chini ya kitanda. Akafagia mchwa waliobaki kwenye fremu. Alijua anamnyima mnyama mlo wa siku moja. Alimwomba msamaha kwa Chimakonde, kwa kuwa wageni wote walikuwa wamemsemesha Kiswahili cha heshima na hakikusaidia kitu.

Jumamosi alasiri Eliakimu alipanda kutoka Masasi na gari lake aina ya Noah lenye vioo vyeusi. Alipokaribia nyumba ya Basil aliona watu wamejaa uani, wanawake kwenye mikeka, wanaume kwenye viti vya kuazima, na sufuria kubwa motoni. Alidhani ni msiba. Alifurahi, kwani msibani hakuna anayemuuliza mgeni ametoka wapi. Akavua kofia, akainamisha kichwa, akapita akishika mikono ya wanaume mmoja baada ya mwingine.

"Poleni sana, wazee wangu. Poleni."

"Ahsante," alijibu Mzee Ambrosi. "Pole ya nini?"

"Ya msiba huu."

"Hajafa. Ila hali chakula."

"Basi Mungu amponye."

"Ukimchukua wewe atapona vipi?"

Eliakimu akatafuta kwa macho mahali pa kukaa. Akamwona Basil karibu na chumba cha salfa, ameloa jasho kama bwana harusi aliyesahau pete.

"Basil, hawa ni akina nani?"

"Ni watu wasiojua kitu," Basil alinong'ona.

"Shikamoo, Mzee," Eliakimu alisema, maana Mzee Nasibu alikuwa amesimama mbele yao na kanzu iliyopigwa pasi.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayempeleka soko la nje? Vizuri. Sisi si watu wa kuzuia riziki ya mtu. Lakini mnyama hawezi kuondoka Mnyambe bila kuulizwa habari za mwaka mbele ya wote. Tumemuuliza mmoja mmoja, kila mtu ana jibu lake, na majibu yanagombana. Kaa."

Eliakimu alitazama gari lake. Watoto walikuwa wamekaa juu ya boneti. Akakaa.

Uani kulifagiliwa. Mzee Nasibu akaweka bakuli la maji upande mmoja, sahani ya unga upande wa pili, panga upande wa tatu. Hapo Josephina akatoka ndani.

"Mzee Nasibu, naomba neno."

"Sema, Mama Ethel."

"Zamani kulikuwa na njaa, kiangazi na vita. Siku hizi watu wanafungwa. Tuweke na kamba."

Watu waliguna. Hata wasiomjua Theodora walikuwa na mtu wao jela.

"Ana haki," alisema Mzee Nasibu, ambaye hakupenda mila ionekane imepitwa na wakati. "Ilete."

Josephina akaleta kamba ya katani iliyofungia magunia, ameizungusha kwenye kipande cha mti. Alisema ameifunga hivyo isipeperuke na upepo. Upepo haukuwepo, lakini hakuna aliyeusaka.

"Na swali liwe la mgeni," aliendelea. "Yeye ndiye anayesafiri naye. Tusimwache aende kipofu."

"Mimi siamini mambo haya," Eliakimu alisema. "Mimi nimesoma."

"Basi hayatakudhuru," alijibu Somoe.

Basil akamtoa mnyama na kumweka katikati. Mzee Nasibu akauliza kwa sauti ya zamani safari ya mgeni huyu itaishia wapi. Kila mtu akanyamaza, hata waliokuwa jikoni. Kakakuona alibaki amejikunja mpaka miguu ya watu ikaanza kufa ganzi. Kisha pua nyembamba ikachungulia. Akajikunjua, akainuka, akatikisa kichwa huku na huku. Akayapita maji. Akaupita unga. Panga hakulitazama. Akaenda kwenye kamba, akaishika kwa mikono yote miwili, akaichana na kuikwaruza, na ulimi ukaingia na kutoka ndani ya ule mti kwa haraka kama mtu anayesoma hukumu ndefu.

Kisha Mzee Ambrosi akavuta kiti chake, akakisogeza mbali kidogo na cha Eliakimu.

"Nnungu wangu," alisema Mzee Nasibu, akimtaja Mungu kwa lugha ya nyumbani. "Nimewasoma wengi. Sijawahi kuona aliyejibu waziwazi hivi."

"Ni mnyama tu," alisema Eliakimu. Akatoa leso, akafuta shingo. "Ni mnyama. Hii mara ya kwanza ni ya kujaribu. Turudie, lakini vitu hivi navipanga mwenyewe."

Akainuka. Kwa mikono yake akabadilisha kila kitu. Unga akauleta karibu kabisa na mnyama, maji akayaweka kando yake. Ile kamba akaibeba pamoja na mti wake mpaka mwisho wa uwanja, nyuma ya kinu, akairudisha nyuma zaidi kwa ncha ya kiatu chake. Josephina alimtazama akiibeba, akaona mgeni amemsaidia kazi.

Mara ya pili kakakuona hakuchelewa. Alikuwa ameonja. Aliruka unga, akagonga bakuli la maji likamwagika, akakizunguka kile kinu kwa mwendo wake wa kizee, akaikuta kamba. Watoto walishuka kwenye boneti bila kuambiwa.

"Tena ameifuata nyuma ya kinu," alisema Somoe taratibu. "Kama askari."

Mtu aliyesoma aliweka kofia yake kichwani kinyume. Alimwambia Basil kwamba amekumbuka ana mgonjwa Lisekese, kwamba asimpigie simu tena, na kwamba yeye alikuja msibani tu. Akaingia kwenye gari. Alipotaka kugeuza, magurudumu yakazama kwenye mchanga mwekundu, na ikabidi watu walewale wamsukume. Walimsukuma kwa bidii kubwa, kwani hakuna aliyetaka utabiri umkute akiwa bado Mnyambe.

Basil alikuwa amekaa chini, ameshika kichwa.

"Mama Ethel, na mimi je? Si nami nilikuwa nakwenda kwenye kamba hiyohiyo?"

"Sijui. Muulize."

"Siulizi tena," alisema Basil.

Walimrudisha kabla jua halijazama, mbele ya mashamba, kwenye msitu ambako vichuguu ni vingi. Basil alimbeba. Josephina alifuata nyuma, si kwa kumpenda mumewe siku ile, bali kwa kutaka kuona kwa macho yake. Mnyama alikaa amejikunja kwa muda, kisha akajikunjua na kuingia kwenye majani bila kugeuka.

Jumatatu alifika afisa wa wanyamapori, kijana mpole jina lake Cuthbert, kwenye pikipiki. Alikuwa amesikia. Alizunguka nyumba zote, na kijiji kizima hakikuwa kimeona kitu. Somoe alisema hajawahi kumwona kakakuona tangu azaliwe, na kwamba yule hakuwa mkubwa sana. Mzee Ambrosi alisema angemwona angemkemea.

Mwisho afisa alifika kwa Josephina, akapewa maji, akanywa. Akafunga koti lake, akawasha pikipiki, akaizima tena.

"Mama, hatuzungumzi kikazi sasa."

"Ndiyo, mwanangu."

"Mimi nyumbani nimepanda mahindi. Kwa mfano tu, alielekea wapi? Majini au kwenye unga?"

Josephina alimtazama kijana wa serikali, akaona hata huyu anahitaji kusaidiwa.

"Sikumwona. Lakini waliokuwa hawapo wanasema aliyapita maji na unga, akaenda kwenye kamba. Mara mbili. Na swali lilikuwa la mnunuzi mmoja wa ufuta, Eliakimu wa Lisekese, mwenye Noah ya vioo vyeusi. Wanasema chumba chake cha ufuta hakijawahi kunuka ufuta."

Afisa akawasha pikipiki. Kisha akaondoka haraka kuliko alivyokuja.

Eliakimu alikamatwa wiki hiyohiyo. Chini ya kitanda chake mlikutwa magunia ya magamba, ya wanyama ambao hawakupata bahati ya kupita kwa Josephina. Habari zilipofika Mnyambe, Mzee Nasibu hakujisifu. Alitembea tu barabarani na kanzu iliyopigwa pasi, mkono mmoja nyuma, akisubiri watu wamsalimie kwanza. Mzee Ambrosi alisema hata Maandiko yanakubali kwamba punda aliwahi kusema. Basil aliwaeleza wote waliotaka kusikia jinsi alivyomkamata kakakuona makusudi ili kumfichua mhalifu.

"Mnyama yule ni mkweli sana," alimwambia mkewe jioni moja wakila, na ugali ulikuwa bado wa unga wa wageni. "Alijua kabisa. Sijui alijuaje."

Josephina akanawa mikono.

"Baba Ethel," alisema, "ile fremu ya chumba cha salfa imeliwa na mchwa. Utaibadilisha lini?"